Ndege ya Lamu Ipunguze Mwendo

Duka la Hared Gure,
Garsen, Mto Tana.
Mwezi wa mvua, 1957.

Bwana Mkubwa wa Ndege,

Salamu nyingi, na poleni kwa kazi ya huko juu. Mimi ni mfanyabiashara wa mifugo hapa Garsen, mtu wa amani, sina kesi na mtu. Nalalamika kwamba ndege yenu iendayo Lamu inafika upesi mno, na upesi huo umenivunjia nyumba.

1. Mnasema kutoka kiwanja chetu hadi kile cha Manda, mbele ya Lamu, ni nusu saa. Nani kawapimia? Sisi wenyeji tunajua ni siku mbili, mvua ikinyesha. Kuna kivuko, ambacho abiria hukivuta wenyewe kwa kamba, kuna tope ambamo lori hulala, kuna mji wa Witu, kisha mashua. Siku hizo mbili ni zetu, nanyi mmezichukua bila hata kubisha hodi.

2. Mke wangu Asli ni mwepesi wa hasira. Akikasirika hufunga mzigo aende kwa baba yake Lamu, nami humwacha aende. Akishavuta ile kamba ya kivuko, nusu ya hasira imebaki mtoni. Inayosalia huimaliza Witu kwa shangazi yake, Hawo, ambaye humpa uji, humgombeza, na kumrudisha kwangu. Tangu tuoane, hasira ya Asli ilikuwa haijawahi kupita Witu.

3. Jumatatu asubuhi nilimchinjia mgeni mbuzi wa maziwa wa Asli, zawadi ya jamaa zake. Kosa dogo tu. Asli akapanda ndege yenu. Lo! Hasira ikafika kwa baba mtu ingali inachemka. Ndege ilipogeuza, mkwe wangu Mzee Mahamed alikuwa ndani. Alinikuta na paja la mbuzi yuleyule mdomoni! Bwana, angekuja kwa barabara angekuta hata mifupa haipo, nami nimekwisha kusanya wazee, kahawa na maneno matamu. Alinisema mbele ya wateja, nami bado natafuna.

4. Amesema Asli harudi. Chai nachemsha mwenyewe, inanuka moshi. Nimemkosa mke wangu, Bwana, na sioni haya kuliandika.

5. Kwa hiyo naomba: ndege ikibeba mke mwenye hasira, izunguke kwanza vijiji vya mtoni, Golbanti, Hewani na Kulesa, kisha itue Witu, aonane na Shangazi Hawo. Ikishindikana, abiria waivute kwa kamba kabla haijaruka, japo hadi mwisho wa kiwanja.

Nisalimie wote ofisini, na rubani, na mama yake rubani. Jibu lenu lije kwa lori, tafadhali, nipate muda wa kujiandaa.

Ni mimi, niliyeachwa na ndege,
Hared Gure

Nyongeza: Rubani ameniletea habari sasa hivi. Asli amenisamehe, anarudi kesho! Yote ya juu yafuteni. Ndege ije mbio, moja kwa moja, isizunguke kokote, na kama kuna njia ya kuikwepa Witu, ikwepeni. Nimekumbuka leo kwamba mbuzi yule alitoka kwa Shangazi Hawo, naye bado hajapata habari.