Kola ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Baba mkwe kaleta shati lake la harusi. La kahawia, mistari ya krimu, pamba nzito, kola yenye ncha ndefu za enzi zile. Imechakaa kwenye mkunjo. Anataka niifumue, niigeuze upande mzima uje juu, basi. Jumamosi yeye na mama mkwe wanatimiza miaka arobaini ya ndoa, atalivaa. Siku hiyohiyo, kasema huku akitazama dari, atatangaza duka la ushonaji anamwachia nani: mimi au shemeji. Shemeji ni mwanawe wa kumzaa. Mimi ni mume wa binti yake tu.

Jumanne, 4 Juni
Mambo! Vijana watatu wamesimama mlangoni wakilikodolea macho shati la mzee. Mwaka jana hawahawa walinishonesha mashati ya kubana mpaka vifungo vikawa vinaruka. Leo wanataka mapana, ya kizamani, eti yaonekane yameshaishi. Stoo kuna jora zima la mistari kama ile, halina mnunuzi tangu sijaoa. Nikilichora shati la mzee kwa chaki, nikatoa nakala, nikazichakaza, duka litajaa watu kabla ya Jumamosi. Mzee ajionee mwenyewe nani ana kichwa cha biashara. Shemeji kanikuta nachora, akauliza kama kola nimeshaigeuza. Nimemwambia ashughulike na zipu zake. Kola itangoja.

Jumatano, 5 Juni
Nakala ya kwanza tayari. Inang'aa mno! Nimeichemsha kwenye chai ya rangi, nikaisugua kwa jiwe, nikaianika juu ya bati. Mke wangu kauliza sufuria yake kubwa iko wapi. Nimesema sijui. Jioni nimelitundika pacha kando ya la mzee, kushoto nakala, kulia lenyewe. Hata mimi nilibabaika. Nikacheka peke yangu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeuza! Kijana mrefu, mwenye rasta, ana haraka. Nikamfungia la kushoto. Kashukuru mara tatu.

Baadaye mke wangu kasema asubuhi alifagia, akayashusha mashati yote mawili, akayarudisha. Yapi upande gani? Hakumbuki. Nimelinusa lililobaki.

Chai!

Nimekwisha. Nimeuza shati la harusi la baba mkwe.

Ijumaa, 7 Juni
Nimezunguka mitaa mpaka soli imefunguka. Hakuna anayemjua mwenye rasta. Shemeji kauliza tena habari za kola. Nimejibu imekwisha, ipo safi. Na kweli, ya nakala ni safi! Nani atajua kwamba haikugeuzwa? Nimelipiga pasi mara nne. Harufu haitoki. Mke wangu anasema nimekonda tangu Jumatatu.

Jumamosi, 8 Juni
Sijui nianzie wapi. Mzee kalivaa. Likafunga tumboni! Nililikata pana kama vijana wapendavyo, na la zamani lilikuwa halimfungi tangu apate wajukuu. Mama mkwe akapiga vigelegele. Mzee akanishika bega, akasema huyu ndiye fundi. Roho ikatulia kidogo, ila alivyozidi kutoka jasho, shangazi mmoja akauliza kama chai imeiva.

Mzee akasimama atangaze. Akasema duka langu... na hapo mpiga picha akaingia, anaomba radhi kwa kuchelewa. Mrefu. Rasta. Na shati lile! Akajivisha mkanda wa kamera shingoni, kola ikainuka, na chini yake pakaonekana kipande cheupe cha shela. Mama mkwe akapiga ukelele. Alikishona mwenyewe, siku ya harusi, kwa mkono wake, chini ya kola ya mumewe.

Kijana wa watu alilivua palepale, akapiga picha zote akiwa na fulana. Mama mkwe akalikumbatia shati, analia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mzee hakufoka. Kasema tu kwamba ningeigeuza kola kama nilivyoombwa, ningekiona. Duka kampa shemeji.

Jumapili, 9 Juni
Nimehamishiwa cherehani ya nyuma, karibu na choo. Mama mkwe kanisamehe, ila picha zirudiwe, mzee avae nguo zote za siku ile. Shemeji kashika shati yeye. Mimi kanipa suruali, nikunje upindo tu, nisiguse kingine. Nimeapa mbele ya mke wangu, na nilikuwa namaanisha.

Lakini hiyo suruali ni bugaluu! Miguu mipana, jamani, inafagia sakafu! Kijana mmoja kachungulia dirishani, kauliza kama zinapatikana.

Upindo ni kazi ya dakika kumi. Utangoja. Mke wangu kaificha sufuria chini ya kitanda. Safari hii sirudii kosa lile: nitatumia kahawa.