Sumaku ya Mkoba wa Wifi

Jumanne, 4 Machi

Wifi kaja tena! Hata maji hajanywa, kashaanza. Ati skuta ya marehemu kaka yake ni mali ya ukoo, imegeuka kiota cha kuku, na Jumamosi analeta mnunuzi wa vyuma chakavu. Skuta iliyonipeleka kujifungua watoto wote watatu! Nikamuuliza, na akiikuta inanguruma? Akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Ikinguruma ibaki, akasema, na yeye mwenyewe atapanda nyuma yangu mtaa mzima. Haya! Nani asiyejua kwamba kitinda mimba wangu anasomea umeme? Hata muuza mkaa anajua. Nimemwambia mara mbili.

Jumatano, 5 Machi

Binti yangu kaikagua. Platini, zile za kukatakata umeme ili plagi itoe cheche, zimelika zikaisha, na madukani hazipo tena. Basi anaunda saketi yake mwenyewe! Kang'oa kidude ndani ya feni ya kompyuta mbovu. Sumaku ikipita mbele yake kinahisi, transista inaitika, cheche inaruka. Sikuelewa, lakini nililia. Imekosekana sumaku ndogo tu. Nikamwambia, mama yako yupo.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi kaja kunisimanga. Alipokwenda msalani nikabandua sumaku ya mkoba wake, ile ya kufungia. Si wizi. Ni mchango wa shangazi kwa elimu ya mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Imekamilika! Binti yangu kailehemu saketi, kaifungia ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Sumaku kaigandisha kwa gundi kwenye gurudumu la injini. Akaniasa: mama, usiiguse, nimeipima. Akaenda chuoni. Nikachungulia. Sumaku imekaa upande! Kazi nzuri vile, halafu kitu kimekaa mshazari kama meno ya wifi? Watu watasema hakufunzwa na mamaye. Nikaibandua, nikaiweka sawasawa. Inapendeza.

Jumamosi, 8 Machi

Fedheha! Mnunuzi kaja na mzani. Wifi kaja na mdomo. Majirani wote wapo, niliwaalika mwenyewe. Nikapiga kiki. Ikanguruma! Nikapiga kigelegele, nikatia gia, nikaachia klachi. Ikaenda kinyumenyume! Injini inazunguka kushoto badala ya kulia! Mnunuzi akaruka pembeni, tairi la nyuma likapanda juu ya mzani. Wifi akasema hakuna haja ya kuibeba, imejipeleka yenyewe kupimwa. Ufidhuli gani huu!

Binti yangu akafungua. Akaitazama sumaku, akanitazama mimi. Ati cheche iliruka kabla ya wakati wake, ikaisukuma injini kinyume. Akairudisha kwenye alama yake. Kiki moja, tukaenda mbele. Ahadi ni deni: wifi akapanda nyuma, mkoba wazi, vitana na poda vikidondoka njia nzima. Akailaani mikoba ya siku hizi. Nikamuunga mkono kwa moyo wote.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu kaniapisha nisiiguse tena sumaku. Nimeapa. Majirani nimewaeleza kwamba jana ilikuwa makusudi. Skuta ya nani mtaani inarudi nyuma? Mwanangu huyo!

Lakini nimechungulia. Imekaa upande vilevile. Kesho akienda chuoni nitainyoosha. Kidogo tu.