Muhuri wa Chemnitz na Ukumbi wa Mzee Amour

Siku Mkubwa aliposikia kwamba Mzee Amour hukusanya mihuri ya posta ya mji mmoja tu wa Ujerumani, alisimama katikati ya njia, hapo hapo mtaani Newtown, ughaibuni, akatabasamu peke yake. Aliamini kwamba mtu anayependa kitu kisicholiwa wala kuvaliwa hahitaji kudanganywa. Anahitaji kusaidiwa tu kujidanganya.

Na msaada huo ulikuwa wa haraka. Wiki mbili mbele binti yake, Aida, alikuwa anaolewa, na Mkubwa alikwisha kumtangazia baba wa bwana harusi, Mahamud wa mtaa wa Northfield, kwamba karamu itafanyika katika ukumbi wenye taa za vioo. Mahamud alicheka mbele ya watu.

"Mkubwa? Huyo hata kiti cha kukunja hana!"

Ukumbi wenye taa za vioo ulikuwapo kweli, mtaa wa Nechells, katikati ya maghala. Mwenyewe alikuwa Mzee Amour, ambaye hakuukodisha kwa maneno matamu. Na Mkubwa mfukoni hakuwa na kingine.

Mji wa mzee uliitwa Chemnitz. Mkubwa aliutafuta kwenye ramani ya simu, akauona, akaizima simu. Kwake yeye utafiti ulikuwa umekamilika.

Jumapili, kwenye soko la vitu vikuukuu, alinunua kwa bei ya sahani ya chipsi boksi la viatu lililojaa bahasha za Kijerumani. Alizipekua kwa pupa, kisha akasonya. Zote zilipigwa muhuri wa mji mwingine, Karl-Marx-Stadt, ambao kwenye ramani hakuuona. Moja tu ilikuwa safi: stempu imebandikwa, lakini haikuwahi kufika posta. Hiyo ikatosha.

Akaenda kwa Kirandeep, mchonga mihuri ya mpira.

"Muhuri wa posta? Wa kazi gani?" Kirandeep aliuliza.

"Mchezo wa kuigiza. Andika Chemnitz, 1966."

"Kwa nini 1966?"

"Ndio mwaka niliozaliwa. Nikiulizwa sitababaika."

Jioni aliugonga muhuri, akaandika anwani ya Unguja, akaimwagia bahasha chai kidogo ili izeeke. Aida alipita na glasi ya maji, akatazama.

"Dad, what are you doing?"

"Natafuta ukumbi, mwanangu."

"With tea?"

Kesho yake alimwendea mzee, boksi kwapani, kwa sababu kitu cha kale kikitoka katika boksi la kale huaminika zaidi.

"Shikamoo, Mzee Amour."

"Marahaba. Umeniletea viatu?"

"Nimekuletea urithi. Marehemu ami yangu alisomea ufundi Ujerumani. Aliwaandikia nyumbani kutoka Chemnitz."

Mzee Amour alivaa miwani, akachukua na kioo cha kukuzia. Akautazama muhuri. Akainusa bahasha. Akautazama muhuri tena, mpaka Mkubwa akaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Ami yako, wallahi?"

"Mzee, jambo la wazi kama hili la kuapiwa?" Mkubwa hakuwa mtu wa kuapa akiwa kazini. Kila fundi ana mipaka yake.

Mzee alikuwa amekwisha kulifungua boksi, anapitisha vidole juu ya zile nyingine kama mtu anayepekua khanga dukani. Kidole kikasimama. Kikaendelea.

"Unataka nini, yakhe?"

"Ukumbi wako, Jumamosi ya harusi. Siku nzima, na viti, na jiko."

"Umeupata. Na nyongeza yangu?"

Mkubwa alikaribia kucheka. Mtu wa Unguja hata akinunua jumba ataomba nyongeza.

"Chukua boksi zima, mzee. Takataka hizo ni za mji mwingine."

"Allah akubariki," alisema Mzee Amour, na sauti yake ilitetemeka. Mkubwa alidhani ni uzee.

Jumamosi ikafika. Taa za vioo ziliwaka, pilau ikanukia hadi barabarani, Mahamud akaingia akiangalia juu mdomo wazi. Mkubwa alikuwa jikoni akijipongeza pale Mzee Amour alipomjia amevaa kofia mpya.

"Muhuri wako ule, yakhe, ni mpya kuliko kofia hii."

Mkubwa alitazama mlango.

"Mimi nimesoma katika mji ule," mzee aliendelea kwa upole. "Mwaka 1966 hakukuwa na posta ya Chemnitz. Tangu Mei 1953 mji ulibadilishwa jina, ukaitwa Karl-Marx-Stadt, mpaka 1990 ndipo ukarudishiwa la zamani. Miaka minne nimeliandika jina lile refu nikimpelekea mama barua."

"Kwa hiyo zile takataka..."

"Ndizo zenyewe. Na moja ni ya tarehe kumi Mei, 1953. Siku ya kwanza kabisa ya jina jipya. Nimeitafuta miaka thelathini. Mjerumani mmoja ananipa gari lake nimwachie hiyo. Siuzi!"

Mkubwa alimsogelea. "Mzee, hukuniambia! Nirudishie boksi langu."

"Haki yako. Nirudishie ukumbi wangu." Mzee alinyoosha mkono taratibu, akaweka kidole kwenye swichi ya taa.

Ng'ambo ya ukuta vigelegele vililipuka: Aida alikuwa anaingia. Mkubwa alitazama kidole kile. Hakuwahi, katika kazi yake yote, kubanwa na kitu kidogo kiasi hicho.

"Ziache ziwake," alisema.

"Basi shika sinia hili. Wakwe wana njaa."

Mkubwa akalishika. Mahamud alimwona anakuja, akainuka, akampokea kwa mikono miwili.

"Mkwe wangu!" alisema, mbele ya watu wale wale. "Kaa hapa karibu nami. Ukumbi kama huu! Umetoa nini mpaka ukaupata?"

"Makaratasi tu," alijibu Mkubwa, akamsogezea sinia.