Mtaa Uliokunjwa

"Hivi jirani, huko ofisini kwenu, huu mtaa wetu upo?"

Mshona nguo wa nyumba ya pili aliuliza hivyo asubuhi moja, kaketi juu ya ndoo aliyoipindua, kwa kuwa ndoo ile haikuwa na kazi nyingine. Bomba la mtaa lilikuwa na miezi minne halijatoa hata tone.

Mama Birika hakulipenda swali lile. Alikuwa mjane mcha Mungu, na kwa miaka kumi na tisa aliwapikia chai watumishi wa Idara ya Maji, kwa hiyo alijihesabu, na kwa haki kabisa, kuwa sehemu ya uongozi.

"Upo," akajibu. "Nauona kila siku kwa macho yangu haya mawili. Tuko mstari wa mia mbili na kumi na nne. Rangi nyekundu."

"Nyekundu ndiyo nini?"

"Ndiyo kwamba hatuna maji."

"Aa. Hilo mimi nalijua bila kompyuta, shoga."

Hata hivyo nyekundu ile ilikuwa na faida yake. Katika ukumbi wa mikutano kulikuwa na skrini pana kama mlango, na humo jedwali la mitaa yote mia tatu na arobaini. Kila Jumanne dereva wa boza, lile gari la maji, aliingia, akanakili mitaa myekundu, akaenda kuigawia maji. Kila nyumba ndoo mbili. Hazikutosha, ila zilikuwa ndoo mbili.

Jumatatu iliyofuata ndipo tangazo kuu lilipobandikwa ubaoni: "Idara ya Maji ina furaha kuutangazia umma ujio wa vipengele vipya kumi na kimoja vya jedwali na chati, vitakavyouwezesha umma kuyaona maji kwa namna ambayo hayajapata kuonekana." Mama Birika alilisoma mara mbili, birika mkononi, akaliona limeandikwa vizuri. Kuyaona maji ni jambo jema. Mtaani kwao wengi walitamani kuyaona.

Mkutano wa kujadili vipengele hivyo ulihitaji chai mara tatu, kwa hiyo Mama Birika aliusikia karibu wote. Mezani alikaa Mkurugenzi, koti jipya, na mbele yake kalamu ya dhahabu aliyopewa siku alipoteuliwa. Mama Birika aliifuta vumbi kalamu ile kila asubuhi. Haikuwahi kufunguliwa. Mkurugenzi hakuwa mtu wa kusaini. Aliyesaini, alipenda kusema, ndiye anayeulizwa. Yeye alielekeza kwa mdomo, na walio chini wakaandika "kwa niaba". Kwa utaratibu huo amefika mbali, na hakuna karatasi hata moja inayomdai neno.

Kando yake alikaa fundi wa programu, mwanamke wa makamo mwenye miwani na uchovu wa watoto wawili mgongoni. Kila mtu alimwita Mama Pacha.

"Sasa jedwali linaweza kupanga mistari kuanzia mkubwa hadi mdogo," Mama Pacha alieleza. "Unaweza kuchuja, ukaona unachokitaka tu. Unaweza kubandika mstari juu ukakaa hapo hapo hata ukiteremka chini. Na chati inabadilika yenyewe papo kwa papo, jedwali likibadilika."

"Vizuri," Mkurugenzi akasema. "Hiyo nyekundu inaweza kupunguzwa makali?"

"Nyekundu ni nyekundu, bosi."

"Nyekundu inatia watu hofu."

Ikaundwa Kamati ya Rangi. Ilikaa siku tatu, ikamaliza majani ya chai ya wiki nzima, ikatoka na rangi inayoitwa nyekundu iliyopoa. Mama Birika aliitazama kwa makini asubuhi ya kwanza. Ilikuwa kama nyekundu iliyofuliwa na kuanikwa juani. Akakubali kwamba kweli ilikuwa na upole.

Lakini kipengele kilichompa Mkurugenzi fahari kilikuwa cha kumi na moja, alichokibuni mwenyewe.

"Mstari ambao haujabadilika kwa siku tisini," akasema, "ujikunje wenyewe."

"Ujikunje, yaani usionekane?"

"Fundi, mstari usiobadilika hauna habari mpya. Kumwonyesha kiongozi kitu kisicho na habari mpya ni kumpotezea muda. Siku utakapobadilika, utajikunjua."

Mama Pacha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwenye jedwali la mitaa tu, bosi, au majedwali yote?"

"Idara haibagui. Yote."

"Basi naomba unisainie hapa."

"Mimi sisaini. Mimi naelekeza."

Mama Pacha akaandika kwenye daftari lake: yote, kwa maelekezo. Akaenda kufanya kama alivyoelekezwa, neno kwa neno.

Alhamisi, Mama Birika aliingia ukumbini na sinia, akainua macho kuusalimu mtaa wake kama kawaida. Mia mbili na kumi na tatu. Mia mbili na kumi na tano. Chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kutembea mezani.

"Mama Pacha, sisi tumekwenda wapi?"

"Mpo, mama. Mmekunjwa tu." Akamwonyesha kwa kidole kijistari chembamba kama uzi kati ya namba mbili. "Mko humo."

"Watu wote mle ndani?"

"Wote, mama. Na wenzenu. Mitaa mia moja ishirini na moja. Yenye maji haijikunji, maana mita zake hubadilika kila siku."

Jumanne dereva wa boza akaja, akanakili mitaa ya nyekundu iliyopoa aliyoiona. Ilikuwa minane tu. Akashukuru Mungu kwa kazi kupungua, akaenda zake. Mtaa wa Mama Birika ulipanga ndoo tangu asubuhi, na jioni ukazipangua.

"Kwa hiyo tumefutwa," mshona nguo akasema.

"Hatujafutwa. Tumekunjwa."

"Ahaa. Nikimwogesha mjukuu nimwambie avumilie, amekunjwa?"

Mama Birika akabeba ndoo zake tupu, akaingia ndani. Usiku aliomba, na asubuhi akajipa moyo, akapeleka chai chumbani kwa Mkurugenzi na kusimama badala ya kuondoka.

"Bosi, samahani. Mtaa wetu haupati maji."

"Mama, umeiona chati?" Mkurugenzi aligeuza kompyuta yake ili mama wa watu naye afaidi. Mchoro ulipanda kama ngazi ya ghorofa. "Mitaa yenye maji ilikuwa asilimia sitini na mbili. Sasa tisini na sita. Kwa wiki moja."

"Maji yametoka?"

"Asilimia imetoka."

"Na boza, bosi?"

"Boza linakwenda kwenye mitaa inayoonekana. Nyinyi mkibadilika, mtaonekana."

"Tutabadilikaje?"

"Maji yakitoka."

Mama Birika alilitafakari hilo njia nzima ya kurudi jikoni. Lilikuwa na mantiki ya duara, kama sufuria. Njiani alipita kabati la mafaili, akaona mlangoni pake amekaa fundi wa bomba na mfuko wake wa spana, kama alivyokaa kila Jumatano na kila Ijumaa. Koki kuu ya ule mtaa wao ilikuwa imevunjika, koki mpya iko stoo, na fomu ya kuitoa ilikuwa ndani ya kabati, kwenye faili la bluu, inangoja kitu kimoja.

"Bado?" akamuuliza.

"Bado, mama. Hii fomu haikubali 'kwa niaba'. Inataka Mkurugenzi mwenyewe aisaini, na yeye mwenyewe hasaini."

Siku ya uzinduzi alikuja Katibu Mkuu kutoka wizarani, mama mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni, mchache wa maneno. Alikuja na bahasha. Ilijulikana jengo zima kwamba ndani ya bahasha mna uteuzi wa mkuu mpya wa idara zote za maji, na Mkurugenzi alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili yake.

Vipengele vyote vilielezwa, cha kumi na moja mwishoni, na chati ikaonyeshwa. Ilipigiwa makofi. Mama Birika naye akapiga, kwa mkono mmoja juu ya sinia.

"Kizuri hicho cha kujikunja," Katibu Mkuu akasema. "Na kinafanya kazi kwenye majedwali mengine?"

"Yote, Mheshimiwa," akajibu Mkurugenzi. "Idara haibagui."

"Basi nionyesheni jedwali la watumishi. Nataka kuona nani anafanya kazi."

Mama Pacha akalifungua, akalipanga kuanzia mkubwa hadi mdogo. Kazi ya mtumishi ilipimwa kwa saini zake za siku tisini, kutokana na waraka uliosema kwamba kazi isiyo na saini si kazi, waraka wa Mkurugenzi mwenyewe, uliosainiwa kwa niaba.

Katibu Mkuu aliweka miwani puani. "Wa kwanza ana saini mia moja ishirini na nane. Nani huyu?"

Vichwa vikageuka kuelekea sinia la chai.

"Ni mimi, Mheshimiwa," Mama Birika akasema. "Nasaini daftari la chai. Asubuhi nikichukua vyombo, jioni nikivirudisha. Siku zote za kazi."

"Hongera, mama." Akasoma hadi chini, akarudi juu, akasoma tena. "Mnao watumishi arobaini na saba. Hapa naona arobaini na sita." Akamtazama Mkurugenzi kwa upole. "Na wewe, baba, ni nani?"

"Mheshimiwa, mimi ndiye Mkurugenzi. Hii mashine ina kosa."

"Haina kosa, bosi," Mama Pacha akasema. "Upo. Umekunjwa tu." Akamwonyesha kijistari chembamba kama uzi.

"Mstari wake haujabadilika siku tisini?" Katibu Mkuu akauliza.

"Zaidi ya hizo, Mheshimiwa."

"Na unakunjuliwaje?"

Mama Pacha alivua miwani, akaanza kuifuta. Ni Mama Birika aliyejibu, kwa nia njema kabisa, maana alikuwa amelifikiria sana jambo hilo. "Abadilike, Mheshimiwa. Asaini. Na fomu ya kusaini ipo. Napajua mahali ilipo, naifuta vumbi."

Akaweka sinia chini, akaenda kabatini, akarudi na faili la bluu, fundi wa bomba nyuma yake na mfuko wake wa spana. Mkurugenzi akaitazama fomu. Akaitazama bahasha. Akafungua kalamu ya dhahabu, ikatoa mlio mdogo, akaandika, na karatasi ikabaki nyeupe. Wino ulikuwa umekauka tangu siku ya uteuzi.

"Tumia hii, bosi," Mama Birika akasema, akamsogezea kalamu ya daftari la chai, iliyofungwa kwenye daftari kwa uzi mnene ili isiibwe.

Akasaini. Fundi wa bomba aliipokea fomu kwa mikono miwili na kuondoka mbio stoo. Na kufikia kesho yake mchana mshona nguo alikuwa amejaza hadi masufuria, na anaulizia mlango kwa mlango nani ana chombo kitupu.

Saa ile ile ukumbini, mstari wa arobaini na saba kwenye skrini ukajikunjua, chini kabisa. Mkurugenzi. Saini: moja. Rangi: nyekundu iliyopoa.

"Ina upole," Katibu Mkuu akasema. Akairudisha bahasha mkobani. "Fundi, umesema mstari unaweza kubandikwa juu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Unakaa hapo hapo."

"Wake ubandikwe. Ukae juu, kila anayeingia auone, hadi ubadilike rangi."

"Inahitaji saini ngapi kubadilika?" Mkurugenzi akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa cheo chako, mia mbili, bosi," Mama Pacha akajibu.

Mama Birika alishatoka na kurudi. Safari hii alibeba kwa mikono yote miwili, kidevu kikishikilia juu, mafaili yote yaliyokuwa kabatini. Akayaweka taratibu mbele ya Mkurugenzi.

"Mia mbili na tatu, bosi," akasema. "Nimeyahesabu siku nyingi. Chai nitakuletea huko huko."

Mkurugenzi aliyatazama mafaili. Akaitazama skrini, ambako jina lake lilikuwa limeshapanda juu na kutulia. Kisha akayakumbatia yote kifuani, akachukua ile kalamu, na daftari la chai likining'inia kwenye uzi wake na kumgonga magoti kila hatua, akatoka kwenda kuanza na la kwanza.