Vidonge vya Manjano na Kidevu cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Kinyozi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara kaweka kioo kipya. Wateja wangu wote wanavuka barabara kwenda kujitazama. Lakini mimi si wa kukata tamaa! Nimesaga manjano, nikatia pilipili manga ili yapenye vizuri mwilini, nikajaza kwenye vidonge vitupu, niviuze kama dawa ya maumivu. Lebo nimebuni mwenyewe: ASILI TUPU. HAKUNA MADHARA. Mke wangu kauliza nani kanihakikishia. Nikasema mmea hauwezi kumdhuru mtu. Akanikumbusha upupu. Nikajifanya sijasikia.

Jumatano, 5 Juni
Mteja wa kwanza: baba mkwe! Magoti yanamsumbua, nami hajawahi kunipenda. Nikiyaponya, atanipenda kwa lazima. Aliuliza kama vidonge vitaelewana na dawa yake ya moyo, ile ya kuzuia damu isigande. Nikamwambia vitagombania nini na havijuani? Nikamshauri asimsumbue daktari wake kwa mambo madogo. Nilijiona profesa.

Ijumaa, 14 Juni
Asubuhi baba mkwe kaja dukani akitembea kama kijana. Kaniita mwanangu! Kwa mara ya kwanza tangu nioe! Nikamkalisha kitini nimnyoe ndevu kwa heshima zote. Wembe ukamgusa kidevuni. Mkwaruzo mdogo tu. Nikapaka shabu ya kukausha damu. Damu ikatoka. Nikakandamiza pamba. Ikatoka. Taulo. Ikatoka! Kinyozi wa ng'ambo akachungulia, akauliza kama nimefungua bucha. Nikalaumu wembe, nikautupa. Damu haikujali. Mke wangu akaita gari, tukamkimbiza hospitali.

Jumamosi, 15 Juni
Jana sikuweza kuandika yaliyofuata. Kumbe fizi zake zilikuwa zinavuja damu siku kadhaa, na mapaja yana mabaka meusi. Hakusema, eti asiniharibie biashara. Daktari alipouliza kama anatumia kitu kingine, mzee alijibu hakuna, huku akinitazama. Ananilinda, mimi! Nilitamani sakafu ipasuke. Mke wangu akanikazia macho. Nikataja vidonge kwa sauti ya mbu. Daktari akaeleza kuwa manjano mengi namna ile yanaweza kuongezea nguvu dawa yake, damu ikakataa kuganda. Akasema kabla ya kumeza hata majani, mgonjwa amwambie daktari. Kisha akasema ningechelewa kusema, huenda tungempoteza. Nililia mbele ya wauguzi. Si machozi ya kujionyesha, nililia kweli.

Jumanne, 18 Juni
Baba mkwe karudi nyumbani, mzima. Kanisamehe. Ila ndevu sasa ananyolewa ng'ambo, kwa mashine. Imeniuma sana.

Vidonge vyote nimevimwaga chooni mbele ya mke wangu, nikaapa: manjano basi! Mtu mzima hujifunza.

Tatizo ni lebo. Zimebaki tele, na hazitaji manjano popote. Nimekaa nikawaza. Daktari naye alitaja manjano tu. Kitunguu saumu hakukigusa kabisa! Nimeshaanza kumenya. Mama mkwe analalamikia miguu, na yuko tayari kujaribu. Kaniuliza kuhusu vidonge vyake vya presha. Nikamtuliza: ile ya mzee ilikuwa ya moyo, hii ni ya presha, ni vitu viwili tofauti. Daktari hatumwambii. Wiki hii tumeshamsumbua vya kutosha.