Matone ya Jerry na Mwani wa Micheweni

Jerry alipoona mwani umeanikwa Micheweni, Pemba, kuanzia ukuta wa skuli hadi njia panda, alimshukuru Mungu kwa sauti, jambo ambalo matapeli hulifanya mapema mno.

Alikuwa ameuza simu na kitanda, akanunua karoti na chupa mia. Akasaga karoti kwa maji, akachuja, akabandika karatasi: MATONE YA NANO. Mpango ukienda kombo, hana pa kulala wala nauli ya kurudi Bara.

"Bi Mwanamize," alimwambia kiongozi wa akina mama wanaolima mwani, "rangi ya karoti inalinda macho na mwili. Lakini haipendi maji, inataka mafuta. Ukiila kavukavu, nyingi inapita tu. Sasa wataalamu wanayakata mafuta matone madogo mno, yanaibeba rangi mpaka kwenye damu."

Hayo yote yalikuwa kweli. Aliyasoma chuoni kabla hajafukuzwa. Uongo ulikuwa ndani ya chupa.

Bi Mwanamize akaonja. "Mafuta mbona siyaoni?"

"Ni madogo, Bi. Jicho haliwezi."

"Na ulimi?"

"Ulimi ndiyo kabisa."

Bi Mwanamize akawatazama wenzake. "Haya baba, mie nani nibishane na sayansi? Chupa zote kwa magunia kumi. Mwani lakini waujua?"

"Nimezaliwa nao," akasema Jerry, mzaliwa wa Dodoma.

Kesho yake magunia kumi yalimngoja, yameshonwa vizuri. Jerry alinusa moja, akakohoa kama profesa, akayapakia kwenye pikapu ya Ame, atakayelipwa mzigo ukiuzwa.

Mzee Himid, mnunuzi wa Wete, alifungua gunia la kwanza. La pili hakuligusa.

"Kijana, haya ni majani yanayotupwa ufukweni na mawimbi. Hata mbuzi hawayataki. Nani kakupa?"

Jerry akalifunga gunia. Ashitaki kwamba katapeliwa na watu aliowatapeli?

Ame, amekunja uso, akamrudisha Micheweni. Akina mama walikuwa wakipakua uji wa rangi ya machungwa.

"Karoti zako kweli nzuri, huku kwenye mawe hazioti," akasema Bi Mwanamize. "Tumezitia tui la nazi. Hayo matone yako ya mafuta, sisi twayakamua kila siku kwa mikono."

Jerry akaonja. Kwa mara ya kwanza tangu afike Pemba, akasema kweli bila kutaka kitu.

"Hii ndiyo dawa yenyewe, Bi."

"Najua. Osha bakuli, ukalale banda la mwani. Maji ya bahari yanatoka alfajiri, utafunga mbegu za mwani kambani nasi mpaka Ame apate haki yake. Na mwani upi, majani ya kutupa yapi, tutakuonesha."