Harusi ya Nabila Ihamie Kituo cha Mafuta

Arua, Jumatatu mchana

Kwa Shangazi Rehemah,
Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi ya dada yangu Nabila,
Koboko.

Yahusu: malalamiko makali, lakini ya adabu

Shangazi mpendwa,

Assalaam aleikum. Ninaandika kwa karatasi kwa sababu katika mkutano wa juzi sikupewa nafasi. Niliposimama tu, ulisema mbele ya kamati nzima, "Muzamili, kaa chini. Wewe iko na akili ya simu, na leo chaji imekwisha." Watu walicheka mpaka mjomba Amandu akamwaga chai. Mimi sikukasirika. Mtu aliyesoma hadi Senior Two, yaani kidato cha pili, muhula wa pili, hakasiriki ovyo. Anachukua kalamu.

Kamati imeamua harusi ifanyike nyumbani kwa haboba Zuhurah, bibi yetu, huko Koboko. Kamati hiyo hiyo imenichagua mimi kuwa mpiga picha. Shangazi, maamuzi hayo mawili hayapatani hata kidogo. Mimi ninajulikana. Picha yangu ya kuku wa soko la Arua ilipendwa na watu mia nne, na kuku mwenyewe hakuwa mzuri. Siwezi kuharibu jina langu kwa harusi ya dada yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ua wa haboba hautoki vizuri kwenye picha. Ijumaa nilipiga picha kumi za majaribio, pale pale maharusi watakapokaa. Mlango wa choo, ule wa bati la buluu, umetokea katika picha tisa. Ile ya kumi niliipiga nikiwa nimesimama ndani ya choo. Siku moja watoto wa Nabila watauliza, "Mama, nyuma yako iko nini?" Utawajibu wewe, Shangazi?

2. Mahali pazuri nimepata. Ni kile kituo kipya cha mafuta hapa Arua, njia ya kwenda Vurra. Usicheke kwanza. Paa lake jeupe, taa zake nimehesabu arobaini nikachoka, sakafu inang'aa hadi unaona meno yako, na iko majani ya kijani yenye kibao cha kukataza watu wasikanyage. Nilimwuliza Moris, kijana wa pampu, kama tunaweza kufanya harusi pale. Aliniuliza, "Mutu ngapi, na mnajaza tenki?" Hiyo si kukataa. Ni kweli malori ya Kongo yatakuwa yanaingia na kutoka, lakini lori likisimama nyuma ya bibi harusi linamfanya aonekane mwembamba. Nilimweleza Nabila faida hiyo. Mpaka leo haongei na mimi.

3. Moto. Hapa nakiri iko shida kidogo. Pale hairuhusiwi kuwasha hata kiberiti, kwa hiyo masufuria hayatakuwepo. Watu watakula biskuti. Najua pia kwamba kwetu bibi harusi hatoki chumbani bila kufukizwa udi, na wewe mwenyewe umekuwa ukitengeneza udi wa Nabila tangu Ramadhani, umeuficha ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati. (Sikuugusa. Niliunusa tu.) Lakini moshi unatia ukungu kwenye kamera. Nabila atoke hivyo hivyo, na moshi nitauongeza baadaye kwa simu. Ninao wa rangi tatu.

4. Wageni. Nimefanya uchunguzi, nikagundua kwamba wageni ndio wanaoharibu picha nyingi za harusi. Mjomba Amandu hufumba macho. Tuna picha zake za miaka ishirini, na humo hakuna hata moja inayoonyesha kwamba ana macho. Jirani Kiden hupita mbele ya kamera na sahani, anarudi, anapita tena. Naomba wageni wote wabaki Koboko. Biskuti zao tutawapelekea.

5. Bwana harusi. Shafiki ni shemeji yangu na ninampenda. Lakini ukimsimamisha karibu na pampu, pampu inamzidi. Moris ni mrefu, na sare yake nyekundu inapendeza chini ya lile paa jeupe. Basi Shafiki afunge ndoa msikitini kama kawaida, halafu apumzike, na kwenye picha asimame Moris. Ni picha tu, Shangazi, si nikaha. Nilikwenda kumweleza Shafiki jambo hili kwa upole. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua saa yake, akaiweka mezani. Hapo nikakumbuka nina kazi mjini.

6. Haboba. Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ni zito. Magoti yake hayakubali gari. Tangu ile safari ya hospitali amesema hapandi tena. Ninajua kamati ilichagua ua wake kwa sababu hiyo moja, ili awepo Nabila anapotoka. Sasa mimi ninauliza kwa heshima: simu zililetwa za nini? Nitampelekea picha. Ataangalia akiwa kwenye mkeka wake, bila vumbi la njia, na ataona vizuri kuliko sisi tuliokuwepo.

Kwa hayo yote, naomba kamati ikae upya kabla ya Ijumaa, na safari hii nipewe kiti.

Nisalimie kamati yote, hata waliocheka. Salamu kwa mjomba Amandu na macho yake, kwa Kiden na sahani yake, na kwa Shafiki, lakini kwake usitaje ninakolala siku hizi.

Ni mimi mtoto wako mtiifu, mpiga picha wa harusi,
Muzamili

N.B. Leo ni Jumanne. Nimekuja Koboko kuleta barua hii kwa mkono, nikapita kwanza kwa haboba nimwonyeshe picha ya kituo cha mafuta, awe upande wangu. Nilijua macho yake yamepungua. Sikujua yamepungua kiasi hicho. Alishika simu juu chini, akaipapasa kwa kiganja kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. "Nabila iko wapi hapa?" Nikamwambia bado hayumo, hapo ni mahali tu. Akaisogeza puani. "Hii hainuki udi," akasema. "Sasa mimi nitajua namna gani mtoto ametoka?"

Halafu akanionyesha kiti chake kitakapowekwa, karibu na mlango wa chumba, ili moshi wa Nabila umfikie yeye wa kwanza. Nilikaa pale mpaka chai yangu ikapoa.

Shangazi, kama hujaanza kusoma barua hii, usianze. Harusi iwe pale pale. Mlango wa choo nimeupaka rangi nyeupe mchana huu, na haujakauka, kwa hiyo mwambie mjomba Amandu asiegemee. Na udi utie mwingi, hata kama kamera yangu haitaona kitu.